Sababu za Kiutawala

Nianze na lililo baya ili lisinisumbue mbele. Mtu huyu nilimwonea wivu kwa miaka mitano mfululizo, na ukiniuliza leo kama umekwisha, nitakujibu kwamba umepungua, basi. Si kwa mali, maana hakuwa nayo, wala si kwa sura. Nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa rika langu, mwenye kazi ya kuchosha kama yangu, katika hospitali ileile ambamo mimi nilikuwa matroni, na bado akaketi akasoma hadi akapata cheo nilichokuwa nakitaka kimyakimya, bila kumwambia hata mume wangu.

Tulimwita Ustawi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, ambacho siku zote kilikuwa kimegeuka nyuma, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, peke yake katika idara nzima, kwa hiyo idara na mtu vikawa kitu kimoja. "Mpelekee Ustawi." "Ustawi ameenda kwa kina mgonjwa." Wagonjwa wengine walidhani ndilo jina alilopewa na mamake. Ofisi yake ilikuwa kati ya chumba cha kufulia na stoo ya magodoro mabovu, na dirisha lake lilifunguka kwa kusukumwa na bega. Jamaa wakigoma kumchukua mgonjwa wao, ama mgonjwa akisema hana kwao, nesi aliwaelekeza huko na kurudi kwenye kazi aliyoiita kazi. Sisi wauguzi, nisiseme uongo, tulimhesabu mtu wa pembeni. Sisi tulikuwa na sindano, damu na vifo. Yeye alikuwa na viti viwili na daftari.

Hayo madaftari yalikuwa ya shule, ya kurasa tisini na sita, na aliyafunika kwa karatasi za kalenda iliyopitwa. Aliandika kwa penseli. Kalamu ya wino, alisema, humfanya aandike kama anayeandikia ofisi. Ungemwambia jambo dogo tu, kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne amekataa uji, naye angeinua kiganja: "Ngoja niandike kabla sijaelewa."

Siku moja nilimwuliza maana yake.

"Nikishaelewa, Matroni, naanza kurekebisha," alisema. "Naandika vile ningependa mtu angesema. Sasa hiyo si maneno ya mgonjwa tena, ni yangu."

Nililicheka jibu hilo nikiwa na wenzangu. Nikiwa peke yangu nililifikiria zaidi ya nilivyopenda.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyeweza kumsikiliza mama mkwe mwenye hasira kwa saa nzima bila kukohoa, hakuwa na dakika mbili kwa wanafunzi waliotumwa kwake kujifunza kazi. Binti mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba familia fulani "haishirikiani". Ustawi alimrudishia karatasi mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni ya dawa.

"Haishirikiani na nani? Wewe ulienda huko lini?"

"Sijaenda, sir. Nilipiga simu."

"Basi andika: simu haikushirikiana."

Binti alikwenda kulia kwenye chumba cha kufulia, na ni mimi niliyempelekea maji. Nilimpigapiga mgongoni nikamwambia asijali, yule mzee ndivyo alivyo. Moyoni nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Mkewe naye nilimwona mara moja tu, alipokuja kumtafuta akamkosa, akaketi ofisini kwangu kumngoja. Alikuwa mwanamke wa Kosele mwenye sauti ya kujiamini, mfanyabiashara wa nafaka. Nesi mmoja akamsifia mume wake, kwamba hapa kwetu hakuna anayesikiliza watu kama yeye. Mama yule akaguna. "Mnasema anasikiliza? Kwangu anasikiliza redio." Tulicheka sote hadi tukafuta machozi. Hata hicho kicheko nilikiweka akiba.

Kazi yake ilimlazimu kuwafuata wagonjwa majumbani, Kuria yote na mara nyingine hadi upande wa Suba, na kote huko usafiri ni bodaboda. Aliziogopa pikipiki kuliko chochote. Waendeshaji wa stendi ya nje ya lango letu walitusimulia kwamba hupanda, hushika chuma cha nyuma kwa mikono miwili, hufumba macho, na kumwambia mwendeshaji amjulishe wakifika. Wakati mmoja alipelekwa hadi boma lisilo la mgonjwa wake, akashuka, akasalimia, akanywa chai, akaandika kurasa tatu, ndipo wenyewe wakamwuliza yeye ni nani. Alirudi anasema ile ilikuwa ziara bora ya mwaka.

Sasa nieleze jambo lenyewe lilikoanzia.

Tulikuwa na mzee mmoja kutoka mashamba ya tumbaku karibu na Kehancha, amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Tulimtibu, tukamruhusu aende nyumbani. Baada ya wiki tatu akarudishwa na vidonda mgongoni vya kulala upande mmoja. Tukamsafisha, tukamruhusu. Akarudi tena. Mara ya tatu kidonda kilikuwa kinaingia kidole. Kila mara tulimfundisha mwanawe wa kiume, mtu nadhifu, mwalimu wa shule aliyemleta kwa gari lake, namna ya kumgeuza mzee kila saa mbili na namna ya kumlisha asipaliwe. Kila mara aliitikia, akatia sahihi, akaondoka na mzee.

Siku hiyo ya tatu nilikwenda kunywa chai nikiwa nimekasirika. Nikasema kwa sauti, bila kumlenga mtu: "Tunamfundisha mwenye gari! Anayemgeuza mzee kitandani ni mtu mwingine kabisa, yuko nyumbani anapika, na hatujawahi kumwona hata sura!"

Ustawi alikuwa kwenye kona na sahani yake ya nyoyo, mahindi na maharagwe aliyokula kila siku saa nne. Akaweka kijiko chini.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Vile umesema. Polepole."

Nikarudia, nusu kwa hasira. Nikaona penseli ikienda. Nilipomaliza alikuwa bado anaandika, na watu walikuwa wameanza kuzungumza mambo mengine. Mimi nililisema, nikanywa chai, nikarudi wadini. Ndiyo tofauti yetu yote, na niliijua miaka mingi baadaye.

Mwaka uliofuata tangazo lilibandikwa nje ya ofisi ya daktari mkuu. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kinaanzisha masomo ya uzamivu kwa watu waliokaa kazini miaka mingi, wauguzi, matabibu, maafisa wa ustawi na wa watoto, wenye shahada ya pili. Huachi kazi. Unasoma siku chache za mwezi na nyingine kwa mtandao, na utafiti wako unatoka katika kazi yako mwenyewe. Mwombaji aandike kurasa mbili kuhusu tatizo moja analokutana nalo kazini.

Tulikuwa kikundi tumesimama pale tukisoma. Nikasema, na nilijua wote watacheka, "Udaktari wa watu wanaokaribia kustaafu? Utawasaidia kaburini?" Wakacheka. Ustawi hakucheka wala hakukasirika. Alinakili anwani kwenye daftari.

Kwenye saa saba, watu walipokwenda kula, nilirudi nikalipiga tangazo picha.

Niliandika kurasa zangu mbili kwa siku nne. Niliandika kuhusu upungufu wa wauguzi katika kaunti nzima, kuhusu sera, kuhusu bajeti, kuhusu ahadi za wakubwa. Nilidhani ukitaka kuitwa daktari lazima uanze kwa kuzungumza kama mkubwa. Jibu lilikuja la mistari mitatu, la adabu kabisa. Tatizo nililolieleza ni la kweli na ni kubwa, walisema, ila hawakuona mahali ninaposimama mimi ndani yake. Walinitakia kila la heri.

Wiki hiyohiyo Ustawi alikuja kwenye chumba cha chai na karanga za kuchemsha kwenye karai, akapitisha kwa kila mtu. Amekubaliwa. Tatizo lake aliloliandika lilikuwa moja na dogo: kwamba anayefundishwa hospitalini siye anayeuguza nyumbani. Nilichukua karanga zangu, nikamwambia, "Hongera, Ustawi. Usije ukatusahau." Nilizitafuna muda mrefu.

Jambo lingine lililonikera, na hili ni la kitoto lakini ndivyo lilivyokuwa: alikuwa Msabato. Masomo yale yalipangwa Jumamosi. Nikasema moyoni, haya, Mungu ameingilia. Ataacha masomo ama ataacha Sabato. Yeye akawaandikia kwamba Ijumaa jua likizama yeye si mwanafunzi wala mfanyakazi wa mtu yeyote mpaka Jumamosi jua lizame tena, na kwamba anaomba wazungumze. Wenzake darasani wakaulizwa. Wengi walikuwa na zamu za Jumamosi, wakaona Jumapili ni afadhali. Darasa likahamishwa. Mimi Mkatoliki, mtu wa misa ya kwanza, nilikaa kanisani Jumapili moja nikimwaza yuko darasani kwa siku yangu. Sikusikia hata somo la Injili.

Naomba sasa niseme kuhusu barua.

Mtafiti yeyote aliyetaka kuwafuata wagonjwa wa wadi zangu ama kuwahoji wauguzi wangu, alihitaji sahihi yangu. Ustawi alikuwa na kibali cha chuo, kibali cha kaunti, kila kitu. Alibakisha mimi. Aliileta barua Jumanne asubuhi, mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mkubwa wake kitu.

"Matroni, kuna mzee mmoja ataruhusiwa wiki hii. Kijana wake anafanya kazi Migori, ndiye alimleta, lakini nyumbani ni Magunga. Mama ndiye atamwuguza. Nimeongea naye kwa simu, amekubali nimfuate toka wiki ya kwanza. Hiyo wiki ya kwanza ndiyo nataka sana."

"Niachie," nikasema. "Niisome."

Niliisoma alipotoka tu. Ilikuwa nzuri. Sentensi yangu ya chumba cha chai ilikuwemo, imenyooshwa, imevalishwa nguo za kwendea mjini. Nikaiweka kwenye droo, juu yake nikaweka rota za zamu za mwezi.

Alirudi Ijumaa. "Ile barua yangu, Matroni?"

"Iko njiani. Nina ukaguzi wiki hii."

Akarudi wiki iliyofuata, nikamwambia nitaihitaji nakala ya kibali cha kaunti, ingawa nakala ilikuwa imebanwa kwenye barua ileile. Akaleta nyingine. Mara ya tatu alisimama mlangoni, hakuuliza kitu, akanisalimu akaondoka. Kila nilipofungua droo niliona kona yake. Sikumwambia mtu, hata mimi mwenyewe sikujiambia, kwamba nimeikalia. Nilijiambia nina kazi nyingi. Kweli nilikuwa na kazi nyingi. Matroni gani hana?

Zilipita wiki sita. Nikaitia sahihi asubuhi moja kwa haraka, nikaandika tarehe ya siku hiyo, nikampa karani ampelekee.

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Migori, akaunganisha hadi Magunga. Alirudi siku ya pili shingo imevimba kwa kuumwa na mbung'o wa kule karibu na mbuga. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha kufulia, daftari limefungwa mapajani.

"Ulimpata mzee?"

"Alizikwa wiki mbili zilizopita."

"Pole. Na mama?"

"Amehamia kwa binti yake. Hawakujua vizuri ni wapi."

Nikangoja anilaumu. Nilikuwa na majibu tayari, manne au matano. Akainuka, akasukuma mlango wa ofisi yake, akaingia. Nilibaki pale na majibu yangu, wafuaji wakipita na mashuka.

Ilimbidi atafute familia nyingine, na muhula mmoja ukapotea. Bado aliendelea. Nilimtazama akiendelea jinsi unavyomtazama mtu anayejenga nyumba kwenye kiwanja ulichokitaka. Alikonda. Miwani ilibadilika ikawa mizito. Wakati wa chakula aliketi na kompyuta ya kuazima akizungumza na msimamizi wake, na sauti ya yule mwanamke msomi ilisikika hadi kwenye korido ikimwuliza, "Lakini wewe mwenyewe ulifanya nini hapo?" naye akijibu kama mwanafunzi wa darasa la nne. Hilo nalo lilinichoma. Mimi hakuna aliyeniuliza swali kama hilo kwa miaka kumi na tano.

Ijumaa kabla hajakwenda kutetea tasnifu yake, fundi alikuja kupiga misumari kibao kipya kwenye mlango wake. Kiliandikwa "Dkt." mbele ya jina. Alikuwa hajafaulu bado! Mtu aliyesema hajali vyeo, aliyevaa kitambulisho kinyume, alikuwa ameagiza kibao kabla ya mtihani. Nilipita pale mara tatu kukitazama. Na usiku huo sikulala, lakini hata kabla ya hapo, mchana kweupe, nikiwa nimesimama mbele ya kile kibao, niliomba asifaulu. Niliomba kabisa, kwa maneno.

Alifaulu, na marekebisho madogo.

Baadhi ya madaktari wetu walinung'unika. "Daktari wa nini? Anaweza kushona kidonda?" Nilicheka nao, nikaongeza langu. Ila daktari mkuu alikuwa amesoma ile kazi, na kabla ya mwezi kwisha aliniita akaniambia kuanzia sasa mgonjwa asiyeweza kujigeuza haruhusiwi mpaka mtu atakayemwuguza nyumbani afike mwenyewe, na amgeuze na amlishe mbele ya nesi mara mbili. Wauguzi wakamwita mtu huyo "mwenye mikono". Nikakabidhiwa mimi kusimamia.

Wa kwanza alikuwa mkaza mwana wa mzee mwingine wa kule kule Kehancha, mwanamke mwembamba mwenye harufu ya moshi wa tumbaku kwenye nguo, amekuja na mtoto mgongoni. Nesi wangu akamwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa. Mwanamke akatazama, akatikisa kichwa.

"Hivyo mnamvuta ngozi," akasema. "Leteni leso."

Akaipitisha leso chini ya mzee, akavuta pembe mbili, na mzee akageuka kama ukurasa, hata hakuguna. Nesi wangu mwenye diploma akaomba arudie. Nilisimama kwenye ncha ya kitanda nikijua kwamba kwa miaka ishirini na sita tulikuwa tukiwafundisha watu wasio wenyewe, na tukiwavuta wazee ngozi. Nilijua pia kwamba mtu wa kwanza kulitamka hilo la kwanza nilikuwa mimi, na kwamba halijanifikisha popote.

Nakala moja ya tasnifu iliwekwa kwenye rafu ya chumba cha mikutano. Niliichukua nikajifungia ofisini. Nilienda moja kwa moja kutafuta mahali nilipo. Nikajipata sura ya kwanza, kwa kile Kiingereza chake cha kutembea taratibu: "Muuguzi mmoja mwandamizi alisema, wakati wa chai, kwamba tunamfundisha mwenye gari." Hakuna jina. Sheria za utafiti haziruhusu jina. Nilikasirika kwamba hakunitaja, na najua angenitaja ningekasirika zaidi.

Kisha, sura ya tatu, anapoeleza familia alizozifuata, nikakuta sentensi hii: "Familia moja ya eneo la Suba haikufuatwa kama ilivyopangwa, kwa sababu za kiutawala."

Nilikuwa nimeketi, nikajikuta nimesimama. Kazi nzima ya kurasa mia mbili na zaidi, na mimi nimo mara mbili. Mara ya kwanza nimesema jambo la maana. Mara ya pili mimi ndiye sababu za kiutawala.

Alistaafu, akarudi kwao Kosele. Tulimfanyia sherehe, nikasoma hotuba nzuri niliyoandikiwa na karani. Kibao chake aliking'oa mwenyewe kwa bisibisi akaondoka nacho.

Mwezi uliopita nilikwenda Kosele kwenye harusi ya nesi wetu mmoja. Hotuba zilikuwa ndefu, alasiri ina joto, nikatoka ninyooshe miguu na kutafuta viazi vitamu sokoni. Kwenye kibanda cha fundi wa viatu nikamwona. Amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu na mwingine soksi tu, anangoja soli. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Matroni! Karibu kiti. Usiangalie mguu."

Nikaketi. Tukaulizana habari za watu. Akanieleza kwamba Jumapili anawafundisha wanafunzi wapya wa masomo yaleyale, kwa mtandao, watu wa umri wetu na wengine wadogo, na kwamba wanaandika vibaya ajabu. Alikuwa na furaha. Nikaitazama hiyo furaha, nikasikia mdomo wangu unasema:

"Ile barua yako haikuchelewa. Niliikalia."

Fundi alikuwa anapiga msumari. Ustawi alingoja amalize.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili. Karani wako aliiona chini ya rota, akaniambia."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Sahihi ilikuwa yako." Akavuta soksi yake juu. "Nilikuchukia, Matroni. Mwaka mzima. Nilikuandika kwa ile kazi, kurasa mbili. Msimamizi wangu akasoma, akaniambia toa, hiyo si utafiti, hiyo ni hasira. Tukabakisha maneno matatu."

"Sababu za kiutawala," nikasema.

"Kumbe ulisoma."

"Mara nyingi."

"Mimi sikuumia sana. Nilichelewa muhula moja, basi. Ni yule mama. Ile wiki ya kwanza alikuwa na mambo mengi ya kusema, hata kwa simu alikuwa ananiambia. Nilikuja kumpata kwa binti yake mwaka uliofuata. Alikuwa amesahau yote. Alikumbuka mazishi peke yake."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Nilikuwa nimeyabeba maneno ya kuomba msamaha miaka yote ile, na sasa nikaona yule niliyepaswa kumwambia hakuwa hapo kwenye kigoda. Tulikaa. Fundi alipaka gundi, akapuliza.

"Mimi pia niliomba," nikasema. "Mwaka uleule."

"Uliomba nini?"

"Hayo masomo. Walinikataa."

Akanigeukia mzimamzima. Niliogopa atanihurumia. Angenihurumia, ningeinuka nikaenda zangu na nisingemsalimu tena maisha yangu yote.

"Uliandika nini?" akauliza.

"Kurasa mbili, kama walivyotaka."

"Unazo?"

Nilikuwa nazo. Kwenye simu, kwenye barua pepe ya zamani ambayo sijaifuta. Nikazitafuta nikampa. Akapangusa miwani kwa pindo la shati, akakuza maandishi kwa vidole viwili, akaanza kusoma huku midomo ikimchezacheza. Mimi nina miaka hamsini na saba. Nikiingia wadini wauguzi hunyamaza. Na pale, kando ya lundo la viatu vibovu, nilikuwa nikiifuata midomo yake kama mwanafunzi anayesahihishiwa.

Alisoma bila haraka. Akafika chini ya ukurasa, akaninyooshea simu.

"Hii ningeikataa hata mimi," akasema. "Umeandika kaunti nzima. Hakuna mgonjwa hata mmoja hapa. Hakuna hata kitanda."

Mwanamke mwenye beseni la dagaa wa omena kichwani akapita, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa njia: "Daktari, oimore!" Ustawi akainua mkono kumwitikia jioni njema, bila hata kumtazama, kama mtu aliyelizoea jina hilo tangu utotoni. Na kile kitu kikanichoma tena, palepale pa siku zote, kana kwamba haijapita hata wiki moja.

Simu bado ilikuwa mkononi mwake, ameinyoosha, anangoja niipokee. Kwa mbali niliwasikia wakishangilia kwenye harusi. Ningeweza kuichukua nikarudi.

"Hujamaliza," nikamwambia. "Kuna ukurasa wa pili."